Kumlenga Samaki Asiyetulia

Leo tuzungumze juu ya kumchoma samaki kwa mkuki, tena samaki wa miambani baharini, yule anayepita mbele yako na kupotea kabla hujameza mate. Najua, msikilizaji, utaniambia, mwalimu, kutoka hapa Tongaren hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, habari za mwamba wa bahari zinatuhusu nini sisi watu wa mahindi na miwa?

Zinatuhusu kwa sababu watoto wetu wako huko. Kijana mmoja wa Ndalu alikwenda Kwale kwa kazi ya ujenzi, na aliporudi nyumbani Krismasi alinijia na swali. Alikuwa amewaona wavuvi wakitoka majini na mtungo wa tafi na pono, kila samaki ana tundu moja tu, nyuma ya kichwa. Yeye mwenyewe aliazima mkuki, akasimama kwenye maji ya magotini wakati bahari imekupwa, akamrushia samaki aliyemwona waziwazi. Akamkosa. Akarudia, akamkosa tena, na kila mara mkuki ulichoma mchanga nyuma ya samaki. Aliniuliza kama wale watu wana dawa.

Hawana dawa. Wana maarifa, na mengi ya maarifa hayo yameandikwa katika kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu ambacho vijana wetu wamekisoma, wakafanyia mtihani, wakakiweka kando. Mimi nilifundisha Kwale miaka kadhaa kabla ya kurudi huku, na huko nilijifunza kwa wavuvi kwamba shabaha ya samaki huamuliwa kabla mkono haujasogea. Mvuvi anatakiwa kujua samaki yuko wapi hasa, maana macho humdanganya. Kisha anatakiwa kujua samaki atakuwa wapi mkuki ukimfikia. Akikosea moja kati ya hayo mawili, hata awe na mkono wa chuma, atachoma mchanga.

Tuanze na macho. Mama, kama uko jikoni, chukua sufuria, weka sarafu ya shilingi ishirini katikati ya kitako chake. Rudi nyuma polepole ukiitazama, hadi ukingo wa sufuria uifiche kabisa. Simama hapo hapo, usisogee. Mwambie mtoto amimine maji taratibu. Utaiona sarafu inajitokeza, kana kwamba kitako cha sufuria kimeinuka. Sarafu haikusogea. Miale ya mwanga inayotoka kwenye sarafu hupinda inapotoka majini kuingia hewani, na jicho lako, ambalo halijui mwanga umepinda, linaiweka sarafu juu zaidi ya mahali ilipo.

Maji hupunguza mwendo wa mwanga kwa uwiano wa karibu 4 kwa 3. Ukimtazama samaki kutoka juu, wima kabisa, akiwa kwenye kina cha mita 1, unamwona kama yuko kwenye sentimita 75. Hapo hasara ni ndogo, kwa sababu ukishusha mkuki wima utampata tu, ila utachelewa kidogo kumfikia. Taabu inaanza ukimtazama kwa mshazari. Tuseme samaki huyo huyo wa kina cha mita 1 unamwona kwa pembe ya digrii 45, yaani uko mbali naye kidogo, umeinamisha shingo. Ukitupa mkuki moja kwa moja kufuata jicho lako, utakapofika kwenye kina chake utakuwa umempita kwa zaidi ya sentimita 35. Hiyo ni zaidi ya urefu wa tafi wa kawaida anayeuzwa Msambweni au Shimoni. Yule kijana wa Ndalu hakuwa na mkono mbaya. Alikuwa akimlenga samaki ambaye hayupo pale.

Kwa hiyo mtu aliye juu ya maji, awe amesimama mwambani au kwenye mtumbwi, hulenga chini ya samaki anayemwona. Kadiri anavyomwona kwa mshazari ndivyo anavyolenga chini zaidi, na akiweza humkaribia hadi awe juu yake. Wapo wanaotanguliza ncha ya mkuki majini kabla ya kuchoma. Ncha ikishakuwa ndani ya maji karibu na samaki, mwanga wake hupinda sawasawa na ule wa samaki, na jicho linaweza kuvipatanisha viwili hivyo bila hesabu yoyote. Utaona mkuki wako umevunjika pale unapoingia majini. Usiujali uliovunjika, tazama ncha na samaki tu.

Hapa nataka kuwataja ndege, maana ndio walimu wa kwanza wa kazi hii. Kuna korongo mdogo wa pwani, jamaa wa yangeyange, anayevua kwenye mwamba maji yanapokupwa. Mwaka 1987 mtafiti Gadi Katzir na mwenzake walichapisha utafiti juu ya ndege huyo, wakaonyesha kwamba hachomi ovyo. Kabla ya kuchoma hupanga kichwa chake mahali maalumu, ili kina anachokiona na kina halisi viwe na uwiano ambao mwili wake umeuzoea. Kisha mwaka 1999 Katzir na wenzake wakawapima ndege wengine wa ukoo huo, na mmoja wao ni yule yangeyange mweupe tunayemwona kila siku hapa Tongaren akifuata ng'ombe na trekta likilima. Matokeo yalikuwa kwamba yangeyange wa ng'ombe hana uwezo kama wenzake wa kusahihisha mpindo wa mwanga majini. Ni wa ukoo mmoja na wale wavuvi, ana mdomo na shingo kama wao, lakini riziki yake ni panzi wa nchi kavu, na maji humtatiza. Mimi naliona hilo kuwa jambo la kufariji sana kwa kijana wa bara anayekosa samaki mara ya kwanza. Hajazaliwa na upungufu, amekulia kwenye panzi.

Sasa tuzame. Mvuvi wa mwambani hasimami juu muda wote. Huvaa miwani ya kuzamia, huvuta pumzi, hushuka. Na huko chini mambo hubadilika.

Jicho la binadamu limeumbwa kwa hewa. Sehemu yake ya mbele, kile kioo cha nje, ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili za kazi ya kukusanya mwanga. Ukifungua macho majini bila miwani, kazi hiyo inapotea, na ndiyo maana kila kitu huwa ukungu. Wapo watu waliojizoeza kupunguza ukungu huo. Mwaka 2003 mtafiti wa Sweden, Anna Gislén, aliandika juu ya watoto wa Wamoken, jamii ya wavuvi wa bahari ya Thailand na Burma, wanaookota chakula chini ya maji bila miwani. Watoto hao huibana mboni ya jicho hadi iwe ndogo sana, na huona majini kwa ubora unaozidi mara mbili ule wa watoto wa Ulaya. Baadaye ikaonekana kwamba hata watoto wa Ulaya wakifundishwa hupata uwezo huo.

Mvuvi wetu wa pwani ana miwani, na miwani huleta udanganyifu wake. Kioo kilicho bapa, maji upande mmoja na hewa upande mwingine, humfanya samaki aonekane yuko robo ya umbali karibu zaidi kuliko alivyo, na aonekane mkubwa kwa theluthi. Samaki aliye mita 4 unamwona kama yuko mita 3. Samaki wa sentimita 30 unamwona wa sentimita 40. Kuhusu uelekeo huna shida kubwa, kwa sababu mkuki na samaki vyote viko majini na unaviona kupitia kioo kile kile; ukivipanga kwenye mstari mmoja, viko kwenye mstari mmoja kweli. Kosa liko kwenye umbali. Anayeanza hufyatua akiwa mbali, mkuki unachoka njiani, na samaki anaondoka na gamba moja limenyanyuka. Ukiona samaki yuko karibu vya kutosha, msogelee tena kidogo.

Hapo sasa tunafika kwenye samaki anayekwenda, na hapa naomba tukae.

Tuseme tafi anakatiza mbele yako kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Uko naye kwa mita 2, na mkuki wako unakwenda mita 20 kwa sekunde. Mkuki utachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kumfikia, na katika muda huo tafi amesogea sentimita 10. Hilo ni dogo. Lakini kuna muda mwingine ambao watu huusahau: kutoka akili yako iseme "sasa" hadi kidole au mkono utii ni karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Hapo tafi amesogea sentimita 20 nyingine. Jumla ni sentimita 30, mwili wake wote kutoka mdomoni hadi mkiani. Ulilenga jicho, umechoma maji nyuma ya mkia.

Dawa zake ni mbili, na wavuvi hodari huzitumia pamoja. Ya kwanza ni kumtangulia. Unalenga mbele ya pua yake, mahali anapoelekea. Kiasi gani mbele, hakuna mtu anayepima. Macho hujifunza kwa kukosa na kupata. Ya pili ni kumfuata bila kusimama. Ncha ya mkuki huanza nyuma yake, inampita taratibu, na inapokuwa mbele ya kichwa mkono unaachia huku bado unakwenda. Kosa kubwa la wanaoanza ni kufuata vizuri, kisha kusimamisha mkono wakati wa kuachia. Ule muda wa sehemu mbili za kumi unarudi, na samaki anakwenda zake.

Hata hivyo mkuki mrefu ndani ya maji ni mzito kuugeuza kando. Maji huukamata ubavu wake wote. Nchi kavu unaweza kuzungusha fimbo upesi upendavyo, lakini majini ukijaribu kumfuata samaki mwenye kasi kwa kuzungusha mkuki, utachelewa, na mbaya zaidi utampelekea habari. Samaki ana mstari wa hisia ubavuni, kutoka kwenye matamvua hadi mkiani, unaosikia msukumo wa maji. Ana pia, ndani ya ubongo, jozi ya seli kubwa za neva zinazoitwa seli za Mauthner. Zikisisimka, mwili wa samaki hujikunja upande mmoja ndani ya milisekunde chache, kisha hufyatuka kuelekea mbali na hatari. Hakuna mkono wa binadamu unaoshindana na hilo. Samaki aliyekwisha kushtuka hachomwi, anaachwa. Utamwona mzamiaji mzoefu amemnyooshea samaki mkuki, samaki anatikisa mkia mara moja kwa wasiwasi, na mzamiaji anaushusha mkuki wake na kutazama kwingine. Huo ni uamuzi wa shabaha vilevile.

Ndiyo maana wanaopata hawafukuzi. Hushuka kimya upande wa mwamba, hujibanza, hutulia, mkuki umeshanyooshwa tayari kuelekea njia ambayo samaki atapita. Samaki ndiye anayekuja kukatiza mstari wao. Hawamkazii macho, hugeuza uso kando kidogo. Macho ya samaki yako ubavuni na humwonyesha karibu pande zote, ila kuna ukanda mwembamba nyuma ya mkia asiouona vizuri. Anayekuja kutoka nyuma na juu kidogo ana nafasi nzuri ya kukaribia. Anayekuja uso kwa uso ameshaonekana zamani.

Na kila samaki ana tabia yake. Tafi hutembea kwa makundi, hula majani ya bahari, na kundi likigeuka hugeuka lote. Ukilenga kundi utakosa kundi. Chagua mmoja, wa pembeni, uwasahau wengine wote. Kumbuka pia kwamba miiba yake ya mgongoni ina sumu, na ukimpata usimshike kama unavyoshika ngege wa bwawani. Pono mwendo wake ni wa kukatakata: anapiga mapezi ya ubavuni, anasimama kuguguna mwamba, anakwenda tena. Anayemlenga husubiri pale anaposimama kula, kwa sababu kichwa kimetulia ingawa mkia unacheza. Magamba yake ni makubwa na magumu, mkuki ukimjia kwa mshazari huteleza. Kolekole ni mwenye kasi, lakini ni mdadisi. Hupita, huzunguka, hurudi kukutazama wewe ni nani. Ukimfukuza umemkosa, ukitulia huja mara ya pili karibu zaidi. Chewa hukimbilia pangoni, kisha hugeuka kuchungulia mlangoni, na hapo ndipo wengi wamempatia, na hapo hapo ndipo wengi wamepoteza mkuki, maana akichomwa vibaya hujikaza ndani ya pango na hatoki.

Mahali pa kulenga ni pale pale kwa karibu samaki wote: nyuma ya jicho, juu ya pezi la ubavuni, pale kichwa kinapokutana na uti wa mgongo. Akichomwa hapo hutulia papo hapo. Akichomwa tumboni hupasuka, nyama inaharibika, na mara nyingi huchomoka na kwenda kufa mahali ambapo hakuna atakayemla. Mvuvi mmoja mtu mzima wa Kwale aliwahi kuniambia kwamba kwake samaki aliyechomoka ni deni. Nilimheshimu sana kwa neno lile.

Kifaa chenyewe sitakizungumzia sana. Huko pwani kuna mkuki wa mkono, kuna chusa lenye kamba kwa samaki wakubwa, na kuna kile wanachokiita bunduki: mti uliochongwa, chuma chembamba kirefu, na vipande vya mpira wa tyubu ya gari vinavyovutwa na kufyatuliwa. Chuma kikipinda kidogo tu, shabaha yote imekwisha.

Na sasa sehemu ambayo singependa mtu azime redio kabla ya kuisikia. Bunduki hiyo imekatazwa kisheria hapa Kenya, pamoja na juya la kukokota. Tanzania nayo imeipiga marufuku katika kanuni zake za uvuvi za mwaka 2009. Ukiiona mikononi mwa watu Kwale au Kilifi usidhani ni halali kwa sababu inatumika mchana kweupe. Wenye nayo wengi ni vijana wasio na mtaji wa mashua wala nyavu, maana ni kifaa cha bei ndogo, na mimi siwezi kuwasimanga kutoka huku Tongaren nikiwa na shamba langu la mahindi. Lakini sheria ile nadhani iko sawa, na nitasema kwa nini.

Mkuki una sifa moja kubwa: humchagua samaki. Wavu huzoa mkubwa na mchanga, anayeliwa na asiyeliwa. Mwenye mkuki humwona samaki wake kwa macho kabla ya kumuua, kwa hiyo angeweza kumwacha mdogo na aliyekaribia kutaga. Angeweza. Mwamba unapokuwa umechoka, samaki wakubwa wameisha, huyo huyo huchoma kidogo alichokipata, na mkuki unaokosa hugonga matumbawe. Watafiti Stephen Mangi na Callum Roberts waliandika mwaka 2006, baada ya kuchunguza vifaa vya uvuvi kwenye miamba ya Kenya, kwamba mikuki na nyavu za kukokota ni miongoni mwa vifaa vinavyovunja matumbawe zaidi. Mzamiaji husimama juu ya tumbawe, hulisukuma, hulivunja apate kumtoa chewa au pweza aliyejificha. Tumbawe ni kiumbe hai, na aina nyingi huota kwa sentimita chache tu kwa mwaka.

Miamba ile ilikuwa imeumia tayari. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali la El Niño, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, kutoka Kiunga hadi Vanga. Kuna jambo jingine ambalo watu wa bara hatulioni: samaki anayeitwa kikande, mwenye taya ngumu, ndiye anayekula vile viumbe vyeusi vya miiba ambavyo waogeleaji huogopa kuvikanyaga. Tim McClanahan, aliyetafiti miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba kikande wakivuliwa wakaisha, viumbe hao huzaana kupita kiasi na kuuguguna mwamba hadi uanze kuporomoka. Na kikande ni samaki rahisi kuchomwa, kwa sababu hukimbilia tundu lake na kujikaza humo. Shabaha rahisi, hasara ya mwamba mzima.

Usiku ni vibaya zaidi. Pono hulala usiku kwenye mianya ya mwamba, na baadhi yao hujitengenezea utando wa ute wa kujifunika. Mtu mwenye kurunzi na mkuki huwachoma mmoja baada ya mwingine bila kulenga chochote. Siuiti uvuvi wa shabaha huo, na sioni fahari yoyote ndani yake.

Wapo waliochukua njia nyingine. Kuruwitu, kule Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua katikati ya miaka ya 2000 kufunga sehemu ya bahari yao isivuliwe kabisa, wakaiita tengefu. Wengi walipinga, maana kufunga bahari ni kufunga chungu cha jioni. Samaki wakarudi, wakaanza kumwagikia nje ya eneo lililofungwa ambako uvuvi unaruhusiwa, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Malindi na Watamu zilikuwa na hifadhi za baharini tangu 1968, lakini zile ziliwekwa na serikali. Ya Kuruwitu ilianzishwa na wenye njaa wenyewe, na kwa hilo naiona ni kubwa zaidi.

Kabla sijaaga, neno juu ya pumzi, na hili ni la Tongaren kama lilivyo la pwani. Kuna vijana wanaoamini kwamba ukihema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama utakaa chini muda mrefu. Ni kweli utakaa, na ndiyo hatari yenyewe. Kinachokulazimisha kupanda juu ni kuongezeka kwa hewa chafu ya kaboni mwilini. Ukihema kwa kasi unaifukuza ile hewa chafu, bila kuongeza oksijeni ya maana. Oksijeni inakwisha, mwili haujakuonya, na unazimia ukiwa bado majini, mara nyingi karibu kabisa na uso wa maji wakati wa kupanda. Hakuna kelele, hakuna kutapatapa. Watu wa Bajau wa Indonesia, ambao huzama kwa mkuki vizazi na vizazi, walipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ikaonekana bandama zao ni kubwa kwa karibu nusu nzima kuliko za majirani zao wasiozama, na bandama ndiyo ghala la damu yenye oksijeni. Wewe uliyekulia huku Mbakalo huna bandama hiyo. Usishindane nao.

Na hapa nyumbani, wavulana wanaochonga vijiti na kwenda Nzoia au Kamukuywa kutafuta kambare: mto ukiwa umejaa baada ya mvua maji ni ya udongo mwekundu, huoni hata kiganja chako kikiwa ndani. Usipomwona samaki huna shabaha yoyote ya kupiga, na anayesimama upande wa pili wa kijiti chako anaweza kuwa ndugu yako. Wazazi, wanyang'anyeni vijiti hivyo msimu wa mvua, muwape sufuria na sarafu wajifunze mwanga.

Na wewe kijana wa Ndalu, na wenzako mnaopanda basi Kitale kwenda kutafuta kazi Kwale na Kilifi: ukifika, kabla hujaazima mkuki wa mtu, nenda kwenye ofisi ya kikundi cha kusimamia ufuo, ile wanayoiita BMU. Uliza kifaa gani kinaruhusiwa, sehemu gani imefungwa, samaki gani aachwe. Omba mzee akupeleke mara ya kwanza. Na usizame peke yako hata siku moja; mmoja akishuka, mwingine abaki juu akimtazama hadi apande na ahesabu pumzi tatu.